Mawese Ndani ya Mota ya Waipa

Jumapili, Kamembe. Mvua tangu alfajiri. Ziwa halionekani kabisa.

Hapana, sikumwambia mume wangu Ijumaa kama nilivyowaahidi ninyi mnaonisoma hapa. Jumamosi pia sikumwambia. Nilikuwa nimeyapanga maneno vizuri, hata nilijua nitakaa kiti gani na yeye atakaa kipi. Kisha akaingia na parachichi amelificha ndani ya koti, akalikata, akanipa nusu kubwa, na mimi nikameza parachichi pamoja na maneno yangu yote.

Nina wiki sita ndani ya ndoa. Bado naandika jina lake pembeni ya karatasi ya soko kama msichana wa shule. Asubuhi anaamka kabla yangu na kunichemshia maji ya kuoga, maana anajua mimi ni mtoto wa joto la Bugarama na baridi ya huku bado sijaizoea. Kanisani anaimba sauti ya chini katika kwaya. Nikiwa benchi la tatu, nimefumba macho, naitambua sauti yake kati ya wanaume tisa. Fidele wangu. Nampenda mpaka naona aibu kuandika, na bado naandika.

Na ndiye huyu niliyemdanganya.

Sikumdanganya kwa maneno. Nilinyamaza tu, na leo nimeelewa kwamba ni kitu kimoja.

Kwa wanaofika hapa leo kwa mara ya kwanza, nianze mwanzo. Fidele ana gari dogo, la zamani, ambalo ndilo kazi yake. Siku nyingi anabeba abiria kwenda Bugarama na mpaka wa Ruhwa, kule chini kwenye joto. Mara moja moja anapata safari ya Huye kupitia msitu wa Nyungwe, kule juu kwenye ukungu. Mwezi mmoja kabla ya arusi yetu waipa zilianza kuchoka. Zilipanda kwenye kioo polepole, zikiguna, kama mzee anayepanda ngazi na mzigo.

Akalipeleka gari kwa Mzee Ramazani. Mzee Ramazani ni fundi wa umeme wa magari, ana meza yake katika banda la mafundi nyuma ya soko. Si fundi tu kwa Fidele. Alifanya kazi na marehemu baba yake Fidele miaka mingi kule Bukavu, na siku ya arusi yetu alikaa na wazee wa upande wao, na kofia yake nyeupe, ingawa yeye ni Mwislamu na sisi tulikuwa kanisani. Aliitoa mota ya waipa, akaifungua, akakwangua grisi ya zamani iliyokuwa imekauka kama gundi, akaweka mpya. Alimwambia Fidele asiiguse tena mpaka mwaka uishe.

Ilifanya kazi vizuri kabisa. Kisha wiki ya pili ya ndoa yetu, tukienda kanisani kwenye manyunyu, nikasikia mlio mdogo upande wangu. Kwii. Kwii. Fidele hakuusikia, alikuwa anaimba. Mimi niliusikia, na nikafurahi.

Mtaniuliza nilifurahi nini. Nilifurahi kwa sababu nilikuwa nimepata kitu cha kumfanyia.

Mama mkwe wangu alikaa nasi mwezi wote wa kwanza. Namwita Mabukwe, kama tunavyowaita huku. Anafuata desturi ya kwao kwamba mugeni, yaani bibi arusi, hashiki kazi mwezi wa kwanza. Hachoti maji, hafui mablanketi, hashiki jembe. Anakaa, anakula, anatazamwa. Alikuwa ananipenda kwa njia yake, najua. Lakini mikono yangu ilikuwa inawasha. Mimi si wa kukaa. Baba yangu ana mashine ya kusaga mahindi na mihogo kule Bugarama, na tangu nikiwa darasa la tano mimi ndiye niliyemshikia spana. Naijua sauti ya chuma kinachotaka mafuta kabla sijakiona.

Jumamosi ya mwisho ya mwezi uliopita ilikuwa umuganda, ile kazi ya pamoja ya kila mwezi. Wote walikwenda kufyeka kando ya barabara, kila nyumba, na Mabukwe naye aliwafuata akisema atakaa pembeni na kuwatazama. Mimi niliachwa, mugeni hashiki panga. Maduka yote yalikuwa yamefungwa kama kawaida ya asubuhi hiyo. Mtaa ulikuwa kimya. Gari lilikuwa uani. Na mimi nilikuwa na saa tatu nzima.

Nikafungua mikono miwili ya waipa, nikatoa plastiki iliyo chini ya kioo, nikachomoa waya, nikalegeza bolti tatu, nikaitoa mota. Niliitandikia gunia na kukaa nayo kama mtu anayechambua maharage. Nilifungua kifuniko chake kidogo. Ndani kulikuwa na grisi ya Mzee Ramazani, mpya, safi, rangi ya asali.

Nikaifuta yote.

Baba alinifundisha kwamba huweki mafuta mapya juu ya mafuta ya zamani. Niliifuta kwa kitambaa mpaka yale meno ya plastiki ya gia yakang'aa. Ndipo nikatafuta kopo la grisi la Fidele nyuma ya gari, nikakuta ni tupu. Nikakumbuka maduka yamefungwa. Nikakumbuka wataanza kurudi wakati wowote.

Kule kwetu Bugarama, grisi ikikosekana, tunatumia mawese. Bawaba za geti la baba ni mawese. Gurudumu la toroli ni mawese. Hata mashine yenyewe, siku za shida, imewahi kusaga kwa mawese, na haikulalamika. Kule ni joto, mawese yanakaa kwenye chupa mepesi kama chai mwaka mzima. Hakuna mtu wa kwetu anayefikiri mara mbili.

Nikaingia jikoni. Chupa ya mawese ilikuwa imeganda chini, kama inavyoganda asubuhi nyingi hapa Kamembe. Nikaiweka karibu na mbabula, lile jiko letu la makaa, mpaka yakayeyuka.

Niandike tena, maana hapo ndipo kosa langu lilipo. Niliyapasha moto mimi mwenyewe, kwa mkono wangu, kwa sababu yalikuwa yameganda. Niliona. Na sikufikiri chochote.

Nikamimina vijiko viwili juu ya meno. Mengine yakateremka upande wa pili, kule kwenye umeme, nikasema vizuri, na huko yapate. Nikafunga. Nikarudisha kila kitu mahali pake, nikamwagia kioo maji ya ndoo na kuwasha. Kimya. Ule mlio ulikuwa umekwisha. Nilinawa mikono kwa majivu na sabuni, nikakaa kwenye kiti changu cha mugeni kama mtu ambaye hajafanya kitu.

Jioni ile mvua ilinyesha na Fidele akasema mezani kwamba waipa zake zimekuwa laini ajabu, kwamba mikono ya Mzee Ramazani haina mwenzake. Nilikuwa nimefungua mdomo niseme ni mimi. Nilitaka sana kuuona uso wake. Lakini Mabukwe alikuwa pale, na siku hiyo hiyo alikuwa ametoka kusimulia kuhusu mugeni wa jirani aliyeonekana akiosha pikipiki, na jinsi watu walivyosema mama mkwe wake amemgeuza mtoto wa watu kuwa mtumishi. Nikaufunga mdomo. Nilijiambia nitamnong'oneza tukiwa wawili.

Sikumnong'oneza. Ilikuwa siri tamu, na nilipenda kuwa nayo. Kila mvua ilipoanza, nilimtazama akiwasha waipa na kucheka peke yangu.

Kwa muda alikuwa anakwenda Bugarama na Ruhwa tu, kwenye joto. Waipa zilifanya kazi.

Jumanne iliyopita Mabukwe, aliyekuwa amesharudi kwake Nyakabuye, alikuja kwetu ili Fidele ampeleke Huye kwa daktari wa macho. Niliwafungia ndizi za kuchoma na kuwapungia mkono mpaka wakapinda kona.

Yaliyobaki aliniambia yeye. Walipoingia msituni mvua ilikuwa nzito na baridi imeshuka, ukungu umelala juu ya lami. Waipa zikaanza kupunguza mwendo. Zikawa kama zinavutwa kwenye udongo. Kisha zikasimama katikati ya kioo na hazikusogea tena. Alikuwa kwenye mteremko wenye kona. Alishusha dirisha na kutoa kichwa nje ili aone, akakanyaga breki kidogo kidogo akitafuta pa kusimama, na gurudumu la mbele likaingia kwenye mfereji. Gari likalala ubavu. Upande wa juu ulikuwa mlima. Fidele alisema upande mwingine hakuutazama, na mimi sikumuuliza.

Yeye hakuumia. Mabukwe alivunjika mkono wa kulia juu kidogo ya kiganja. Wamemfunga plasta. Yuko Huye kwa binti yake mpaka daktari amtazame tena, kisha atarudi kwake Nyakabuye wiki ya mwisho ya mwezi.

Fidele aliporudi Jumanne, gari likiwa limevutwa na lori, nilimkumbatia na kulia mpaka majirani wakaja. Walisema jinsi mugeni anavyompenda mume wake. Ilikuwa kweli. Lakini si hiyo tu iliyokuwa inaniliza.

Alhamisi ndiyo siku ninayoionea aibu zaidi. Fidele aliamka mapema. Alikunywa chai amesimama. Alisema anakwenda kumwona Mzee Ramazani, na nilijua kwa sauti yake anakwenda kufanya nini. Alikaa kwenye kizingiti akavaa viatu, kile cha kushoto, kisha cha kulia, akafunga kamba taratibu. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake na koti lake mkononi. Nilikuwa na muda wa kutosha. Neno moja tu lingetosha.

Nikampa koti.

Aliporudi akanisimulia. Alikuwa amemwambia yule mzee, mbele ya wateja na mafundi wenzake, kwamba kazi yake mbovu nusura imuue mama yake, na kwamba kama baba yake angekuwa hai angeona haya kuwahi kula naye. Mzee aliomba jambo moja tu, aifungue mota aone. Fidele alikataa. Akamwambia asiliguse gari lake tena maisha yake yote.

Na Mabukwe, kwa simu kutoka Huye, amewaeleza kinamama wa kanisani na wa sokoni. Simlaumu, anaumwa, na anaamini anachosema. Mke wa Mzee anauza vitenge. Nimesikia wanawake wawili wamemrudishia vitenge walivyokuwa wamechagua. Madereva wawili wamehamia kwa fundi mwingine. Haya yote ni ya siku nne tu.

Sasa leo.

Baada ya ibada mkubwa wa ushirika wa mafundi alitungoja nje chini ya paa. Ni mtu mpole, alizungumza na Fidele kwa heshima. Alisema jambo hili limewafikia na hawawezi kuliacha hivi. Kesho saa mbili asubuhi mota itafunguliwa mezani mbele ya mafundi wote. Ikionekana kazi ilikuwa mbaya, Mzee Ramazani atatoka kwenye banda. Na akaongeza kwamba ni Mzee mwenyewe aliyeomba ifanyike hivyo, kwa sababu anajua alichoweka ndani.

Fidele akakubali. Mimi nilifungua mwavuli nikijua siwezi tena kungoja.

Kwa sababu Mzee anajua alichoweka, lakini mimi ndiye ninayejua watakachokuta. Atasimama pale kwa uhakika wote wa mikono yake, kifuniko kitafunguliwa, na ndani kutakuwa na mawese mekundu yaliyoganda. Kila mtu ataona. Watasema mzee anakula pesa ya grisi na kuweka mafuta ya jikoni. Na yeye hatakuwa na jibu. Angejibu nini?

Siku zote hizi nilikuwa nikijidanganya kwamba ninaficha aibu yangu. Kumbe nilikuwa nimeiweka ndani ya chombo cha mtu mwingine na kumwachia akifungue mbele ya watu.

Nikamwambia Fidele tulipofika nyumbani, kabla hajavua koti. Yale maneno niliyoyapanga hayakuja hata moja. Nilisema tu kwamba mawese yaliyo ndani ya mota ni yangu, kwamba niliyaweka asubuhi ya umuganda, na kwamba grisi ya Mzee niliifuta kwa mkono huu.

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alikaa, akatazama mikono yangu, akauliza kama nilitaka kumsaidia. Nikasema ndiyo. Akatikisa kichwa kama mtu anayekubali. Nilidhani limekwisha.

Kisha akasema, polepole sana, "Alhamisi, wakati nilikuwa navala viatu kwenda kumutukana ule muzee, weye ulikuwa fasi gani?"

"Hapa. Nyuma yako."

"Ulikuwa unaniangalia?"

"Ndiyo."

"Mawese, ile ni kukosa. Muntu anakosa. Lakini uliniangalia ninafunga kamba."

Neno hilo nimeliandika hapa kama alivyolisema ili nisije siku moja nikalikumbuka kwa upole zaidi ya lilivyokuwa.

Akatoka uani kwenye mvua, akaitoa mota, akaifunga ndani ya mfuko. Akaniambia twende. Tulikwenda kwa mguu, mwavuli mmoja. Aliuelekeza upande wangu, bega lake lote likalowa. Lakini hakunishika mkono. Tangu tuoane ni mara ya kwanza tumetembea bila kushikana mkono, na ile njia ya sokoni niliiona ndefu kama safari ya Kigali.

Mzee Ramazani hufanya kazi Jumapili. Tulimkuta peke yake mezani, redio ikiwa imezimwa, anafuta vifaa ambavyo tayari vilikuwa safi. Alipomwona Fidele akasimama, kwa adabu, bila tabasamu. Fidele akanisogeza mbele kidogo, hakunisemea. Nikasema mwenyewe. Niliyasema yote, na ya mbabula pia.

Mzee akakaa. Alikaa kama mzigo uliokatwa kamba.

"Siku zote hizi," akasema, "nilianza kufikiri labda nilisahau. Nilisema, Ramazani, umezeeka, ulifunga mota bila grisi. Nilimuuliza bibi yangu kama nimeanza kusahau na vingine."

Hapo ndipo nilipolia. Mkono wa Mabukwe utaunga, gari litanyooshwa. Lakini nilikuwa nimemfanya mtu mzima aishuku mikono yake mwenyewe, mikono iliyofanya kazi kabla mimi sijazaliwa, na akaenda kumuuliza mke wake kama anapotea.

Fidele alipiga goti pale kwenye sakafu yenye mafuta na kumwomba msamaha. Mzee akamshika kiwiko akamwinua. "Weye nitakusamehe kesho," akamwambia, "fasi ulinitukania, mbele ya bale bale." Fidele akasema sawa Mzee, mbele ya wale wale mafundi na wateja.

Kisha akanigeukia mimi, na sijui kama alitaka kunionea huruma au kunikaripia, labda vyote viwili. Akauliza kama ile mota nilikuwa nataka kuila na sombe, yaani kisamvu. Fidele akageuza uso, nikaona mabega yake yanacheka kidogo. Mimi sikuweza kucheka. Mzee akasema kwao Bukavu hata sombe hawaiwekei mawese mengi hivyo.

Nilimwomba aifungue mota yetu aone mwenyewe. Akakataa, akasema itafunguliwa kesho mbele ya wote kama ilivyopangwa, na mimi nitakuwepo, na nitasema kabla kifuniko hakijafunguliwa, si baada. Badala yake akachukua mota nyingine ya zamani kutoka chini ya meza, akanisogezea stuli. Alisema mtoto wa mwenye mashine asibaki na ujuzi nusu.

Akanionyesha. Grisi inakwenda kwenye meno na kwenye ule msumari wenye mizunguko kama parafujo unaoyasukuma, basi, tena kidogo, isizidi kijiko. Upande wa umeme kuna vipande viwili vidogo vya makaa vinavyogusa shaba inayozunguka, na pale haliingii tone la mafuta ya aina yoyote, maana makaa yakilowa umeme haupiti. Mawese yangu yaliingia huko. Na yale yaliyobaki kwenye meno yaliganda kwenye baridi ya Nyungwe kama yanavyoganda kwenye chupa. Na ule mlio niliousikia tukienda kanisani haukuwa hata wa mota. Ulikuwa wa kiungo cha nje, pale mkono wa waipa unapozungukia. Tone moja la mafuta ya cherehani lingeutuliza. Sikuwa na haja ya kufungua hata bolti moja.

Tone moja.

Alinifanya niikwangue ile mota ya zamani, niioshe kwa petroli, niikaushe, niipake grisi na kuifunga. Nilipokosea alinisukuma vidole bila kusema. Nilipomaliza aliiunganisha na betri, ikazunguka vizuri, na akaitikia kwa koo tu, kama baba anavyofanya. Fidele alikuwa amesimama pembeni muda wote. Nilipoinua macho nikakuta ananitazama, si kwa yale macho ya wiki sita zilizopita, na si kwa macho ya mchana. Mengine, ambayo bado siyajui.

Tulipokuwa tunaondoka, Mzee akaniuliza habari za Mabukwe. Nikamwambia plasta inatazamwa, atarudi Nyakabuye wiki ya mwisho. Akasema mafundi atawaweza, madereva watarudi wenyewe. Lakini kule kwa kinamama yeye hana mlango, na mke wake anaona haya hata kutandika vitenge vyake. Kuna mtu mmoja tu anayeweza kuwanyamazisha, ndiye yule aliyewaambia.

"Ule maman," akasema, "nani atamuambia?"

"Mimi, Mzee."

"Na telefone?"

"Hapana. Nitakwenda."

Sasa ni saa kumi na moja jioni. Mvua imepungua. Fidele yuko sebuleni na hajasema mengi, ameniuliza tu kama nimekula. Alitaka kumpigia mama yake leo hii amweleze, ili anipunguzie. Ndivyo alivyo, hata akiwa ameumia anatafuta kunibebea. Nimemkatalia. Akishaeleza yeye, nitakuwa nimesimama tena nyuma ya mtu na koti mkononi.

Kesho saa mbili nitasimama mbele ya mafundi, wanaume tupu, na kusema mimi mugeni niliweka mawese kwenye mota. Watacheka, na huenda kicheko hicho kikatembea mjini mwezi mzima. Wacheke. Sijui kama Fidele atanishika mkono tukirudi. Nataka sana anishike. Lakini sitasema kwa ajili hiyo, na hata asiponishika nitakuwa nimesema.

Mabukwe, wewe husomi huku, lakini wajukuu wako wanasoma, na nimewaomba waniachie niseme mwenyewe. Najua ulinikalisha kwenye kiti kile kwa mapenzi, na mimi nilisimama ulipogeuka. Mkono wako umevunjika kwa kazi ya mkono wangu, na kuna mzee mmoja hapa Kamembe ambaye hakukosea kitu, anayekungoja umrudishie jina lake. Kabla ya mwezi huu kuisha nitakuja Nyakabuye. Usinipikie, usinitandikie mkeka. Nitasimama mlangoni kwako, niseme yote, kisha wewe ndiye utaamua kama niingie.